Uchaguzi wa Watu Wengine

Jumanne, Septemba 9. Matisi, Kitale

Presha 158 juu ya 97. Ivy wa chanjo amenipima mara mbili, kisha akauliza kama nimegombana na mtu. Nimemwambia ndiyo, na wapiga kura milioni kumi na tisa. Ameandika "mawazo mengi" kwenye kadi yangu akanirudishia.

Sikuwa natania. Kiongozi wa Nchi Rafiki amehutubia tena. Jina halisi la hiyo nchi nimeacha kuliandika humu, tumekosana. Naiita Nchi Rafiki kwa sababu ndivyo wakubwa wetu wanavyoiita wakiwa na maikrofoni. Huyo kiongozi alipanda juu ya trela, mikono ya shati imekunjwa, akasema pesa zao zibaki kwao na anayetaka dawa ajinunulie. Umati ukashangilia. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake ili aone vizuri. Mtoto mnene, ana afya. Yule amechanjwa zote, mimi najua kutazama.

Hapa kwetu mimi ndiye mtunza rekodi wa kliniki ya mama na mtoto. Miaka kumi na mmoja. Wao ndio wafadhili wetu, na ufadhili unakoma tarehe thelathini mwezi huu. Sista Chepngeno, mkuu wetu, anasema tutulie, anaongea na kaunti. Kaunti! Shida imetoka ng'ambo, itatuliwe ng'ambo. Watu wote hapa wananung'unika, lakini nani amewahi kuwafuata wale wapiga kura na kuongea nao kwa adabu? Hakuna hata mmoja.

Nitaanza mimi.

Jumatano, Septemba 10

Siku ya kwanza ya kampeni. Kuna mji fulani wa Nchi Rafiki ambao mwezi ujao unafanya uchaguzi mdogo wa mbunge. Nimeingia kwenye ukurasa wao wa Facebook na kuandika maoni arobaini na mawili. Heshima tupu. "Ndugu wapiga kura, naitwa Kagwe, nawasalimu kutoka Kitale." Nikawaeleza kwamba mgombea wa chama cha kiongozi anawadanganya kuhusu daraja lao. Ripoti ya hilo daraja nimeisoma yote, kurasa sitini.

Bi. Maureen fulani akajibu kwamba anaishi mita hamsini kutoka kwenye daraja. Nikamshauri asome ukurasa wa thelathini na nane. Akauliza daraja la kwetu likoje. Nikafikiria kile kidaraja cha kwenda nyumbani, ambacho tangu mvua za Aprili tunavukia mbao mbili. Sikumjibu. Kufika saa nane walikuwa wamenifungia.

Nilipoinua macho, akina mama kumi na saba walikuwa wamepanga foleni mbele ya meza yangu wakingoja kadi. Sista Chepngeno alikuwa amesimama nyuma yao. Hakupaza sauti. Alisema Jumatatu saa tatu asubuhi maafisa wa kaunti watakuja kuangalia kliniki na wafanyakazi, na kila mtu awe kwenye meza yake. Akarudia maneno "kila mtu" akiniangalia.

Jioni, habari njema. Mke wangu Roselyne ameongea na kaka yake Sifuna, mzee wa kanisa kule Bumula. Jumamosi wanapokea wageni watatu kutoka kanisa rafiki. Na hilo kanisa liko wapi? Nchi Rafiki! Wapiga kura wazima, bila Facebook, na hawana mahali pa kunifungia. Nimekunywa vikombe vitatu vya chai nikiwa nimesimama.

Ijumaa, Septemba 12

Hotuba imekamilika. Kurasa kumi na nne, pamoja na jedwali la vifo vya watoto.

Roselyne ameiona. Amesema, "Baba Joy, hao watu wanakuja kupaka rangi shule ya Jumapili. Hawaji kufundishwa." Ananiruhusu kwenda naye kwa sharti moja: siasa nisiguse. Nimeapa. Hotuba nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Biblia imenenepa na haifungi vizuri. Roselyne ameitazama, akaniambia amefurahi kuona nimerudi kwa neno la Mungu. Nilijisikia vibaya kidogo.

Itakuwaje wakinikatiza kwenye ukurasa wa pili? Hoja yenyewe iko ukurasa wa tisa.

Jumamosi, Septemba 13. Bumula, Bungoma

Mambo yameharibika kabla hayajaanza.

Wageni ni akina mama wawili na mzee mmoja, Walter, miaka sitini na minane, alikuwa fundi wa kiwanda cha viatu. Tulipofika alikuwa tayari juu ya ngazi anapaka fremu za madirisha kama mtu mwenye haraka ya kumaliza kibarua. Kichwani alivaa kofia ya kijani yenye maandishi ya manjano. Nikasogea nisome. NYUMBANI KWANZA. Maneno ya yule yule wa trela!

Katika wapiga kura wote wa dunia, Bumula imeletewa huyu.

Nilikaa kwenye shina la mti lililokatwa nikafikiri. Hotuba haifai kwa mtu wa aina hii. Ataziba masikio. Huyu kwanza alainishwe, ageuzwe baadaye. Mpango mpya: Jumamosi urafiki, Jumapili ukweli.

Tulipopumzika kula, Mzee Walter aliona jua linavyonipiga upara. Akavua kofia akanipa. Nikasita. Sifuna alikuwa karibu, amebeba beseni la kunawia. Huyu shemeji yangu hana papara ya kitu chochote, na hajawahi kunishindania lolote kwa miaka ishirini na tatu, lakini kila nikiachana naye naona kama nimeshindwa. Akasema kwa upole, "Vaa tu bana, shemeji. Jua ni kali."

Nikapiga hesabu haraka. Nikikataa, mlango umefungwa. Nikivaa, nimeingia ndani ya nyumba ya adui. Nikavaa. Mama mmoja wa wageni akatuita tusimame karibu, mimi na Walter, kila mtu na brashi yake. Akapiga picha. Nilitabasamu. Kwa bahati mbaya nina meno mazuri.

Jumapili, Septemba 14. Bumula

Leo nimeongea naye. Naandika kama ilivyokuwa.

Baada ya ibada, Sifuna alitaka kumwonyesha mgeni miwa yake. Njiani akaitwa kuamua ugomvi wa mpaka, tukabaki wawili. Nikafungua Biblia, nikatoa hotuba, nikakohoa. Kabla sijasoma salamu, Mzee Walter aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Nikamweleza kadi zinavyopangwa, mama akija mara ya kwanza anaandikwa nini, mtoto akikosa chanjo tunamtafuta vipi mpaka Kachibora. Na kwamba tarehe thelathini tunafunga, kwa sababu ya yule mwenye maneno ya kofia yake.

Alisimama. Nikafikiri amekasirika. Kumbe anatafuta maneno.

Akasema, "Kiwanda chetu kilifungwa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyekuja kutuuliza tunaishi vipi. Yeye alikuja. Alisimama langoni kwa mvua, akautaja mji wetu kwa jina."

Nikamuuliza kama amekifungua.

"Bado."

Nikamuuliza kama atakifungua.

"Sijui, bwana. Lakini alikuja."

Hapo hotuba yangu haina kitu. Nimepekua kurasa zote kumi na nne, sikupanga jibu la jambo hilo. Kisha akasema hakujua msaada wao unafika kwa watu kama mimi. Waliambiwa unaishia kwenye magari ya wakubwa. Nilifungua mdomo nimpinge, nikakumbuka gari la mradi wetu na viazi vyangu nilivyovipakia mle Desemba mbili mfululizo. Nikafunga mdomo. Tulitembea hadi mwisho wa shamba, na nilimwonea huruma, na nadhani naye alinionea mimi.

Lakini akili yangu haipumziki. Tuliporudi alisema yuko tayari kuongea kwenye video kuhusu kliniki, kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Mpiga kura wao wenyewe, mwenye kofia yao wenyewe, akisema ukweli! Video kama hiyo inaweza kubadilisha uchaguzi mdogo. Inaweza kubadilisha serikali!

Ukaguzi wa kaunti aliousema Sista pia ni kesho asubuhi. Roselyne anarudi Kitale leo, alijua tunarudi pamoja. Nimemwambia Sifuna ameniomba nibaki nimsaidie. Nimempigia Ivy simu akae kwenye meza yangu kidogo, na aseme nimepata dharura ya kimataifa. Aliuliza iandikwe hivyo hivyo. Nikamwambia hivyo hivyo.

Jumatatu, Septemba 15. Bumula, halafu Kitale

Saa tatu kamili tumerekodi. Dakika nne. Walter aliongea vizuri sana kuhusu mimi, kadi zangu, na kuku wa Sifuna. Alimwomba kiongozi, kwa heshima kubwa, aiangalie kliniki ya Matisi. Nikawa karibu kulia. Kisha akanyoosha ngumi na kumalizia, "Na bado tuko nyuma yako!"

Nilimwomba turudie bila sentensi ya mwisho. Akasema hiyo ndiyo inayotoka moyoni.

Saa tano simu yangu ikaanza kutetemeka na haikunyamaza. Ile picha ya Jumamosi iliwekwa kwenye ukurasa wa kanisa lao. Chama cha kiongozi kimeiona, kikaichukua. Mimi na Walter na brashi, kofia imenikaa sawasawa, meno yote nje. Chini wameandika: HATA KENYA WANATUELEWA. Watu elfu themanini wameipenda. Nilishuka kwenye maoni nikitafuta hata mmoja wa kunitetea. Nikamkuta Bi. Maureen. Ameandika: "Huyu si ndiye yule wa daraja?"

Nimempa Walter kofia yake. Amekataa kuipokea. Amesema imenipenda.

Jumanne, Septemba 16. Matisi

Kliniki nzima imeniona. Hakuna aliyenisalimia isipokuwa askari wa langoni, na yeye amenisalimia "Nyumbani Kwanza, mzee". Ivy alikuwa kwenye meza yangu. Alisimama haraka aliponiona, akashika faili kifuani. Sikuelewa kwa nini anaogopa.

Sista Chepngeno aliniita ofisini akafunga mlango. Nilianza kueleza habari ya kofia, kulainisha na kugeuza. Akainua mkono. Akasema kofia haimhusu.

Kaunti imekubali. Kuanzia Oktoba kliniki ni yao, siku tatu kwa wiki, na watabaki na wafanyakazi sita kati ya tisa. Jana walipita meza kwa meza. Kwenye meza ya rekodi walimkuta Ivy. Walimuuliza, akajibu yote. Wameandika jina lake.

"Walikuuliza, Mzee Kagwe," akasema. "Nikasema uko njiani. Wakauliza tena, nikasema uko njiani. Mara ya tatu nilinyamaza."

Nikauliza kama hawawezi kurudi wiki hii. Akatikisa kichwa. Kisha akasema amekwenda kwa hao watu mara tisa tangu Mei, na mara nne alirudi kwa miguu akifikiria atatuambiaje. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma orodha. Mimi katika mara hizo tisa sikumuuliza hata siku moja anatoka wapi. Nilikuwa najua idadi ya viti vya bunge la Nchi Rafiki, jimbo kwa jimbo.

Nina wiki mbili za kukabidhi kazi. Nilitoka nikaenda nyuma ya tangi la maji. Nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Jumatano, Septemba 17

Nimemwambia Roselyne leo, maana jana nilishindwa. Alikuwa anachambua maharagwe. Alimaliza ungo wote kwanza.

"Jumatatu saa tatu ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa naokoa kliniki.

"Kliniki ilikuwa inaokolewa, Baba Joy. Wewe ndiye hukuwa." Akainuka. "Na Sifuna anasema hakukuomba ubaki."

Aliweka maharagwe motoni. Tulikula bila redio.

Alhamisi, Septemba 18

Nimeanza kumfundisha Ivy. Nilipanga nimfundishe vibaya kidogo, ili Oktoba waniite. Nilikuwa nimechagua kabisa sehemu ya kumpotosha: rejista ya waliohama. Lakini aliuliza kwa nini kadi nimezipanga kwa jina la mama wala si la mtoto. Nikamweleza kwamba mtoto hubadilishwa jina, huitwa la babu, la siku, la kanisa, lakini mama akifika mlangoni bado ni yule yule. Akasema, "Si ungetuambia mapema? Sisi tulidhani ni mazoea tu." Akaandika kwenye daftari. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuandika kitu nilichosema.

Nimemfundisha rejista ya waliohama vizuri. Mpango huo nimeupoteza bure.

Mama mmoja aliyekuja na mtoto wa tatu alisikia naondoka. Akaniambia kadi za watoto wake wote zina mwandiko wangu. Akaenda kupima uzito. Nilijifanya natafuta stempu.

Jumamosi, Septemba 20

Sifuna amepiga simu. Chama cha wakulima wa miwa kule Bumula hakina mtu wa kuandika rekodi, rejista zao ni karatasi ndani ya gunia. Amenitaja. Si kazi kubwa, alisema, lakini ni yangu nikiitaka. Wakulima wanakutana Alhamisi saa nne wanione. Hakugusia kofia wala uongo niliomsingizia. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nimekubali.

Walter naye ameandika. Amerudi kwao. Amewasomea watu habari za kliniki yetu kwenye ukumbi wa kanisa, watu kumi na mmoja. Walibishana, wawili wakatoka nje. Yeye kura yake haijabadilika, lakini sasa ana swali, na atamuuliza mbunge ana kwa ana. Anaitakia familia yangu mema. Anauliza habari za Ivy, ambaye hajawahi kumwona.

Presha 141 juu ya 88. Siku mbili sijasoma habari za ng'ambo. Nimepalilia sukuma wiki, nimepigilia ubao wa tatu kwenye kidaraja chetu. Jirani alivuka akasema asante. Roselyne amecheka leo, kidogo, kwa kitu nilichosema kuhusu kuku. Nimeona wazi kosa langu. Mtu ashughulike na kilicho mbele yake. Nimeliandika hapa na kulipigia mstari.

Jumatatu, Septemba 22

Sikuwa natafuta chochote. Nilifungua simu kuangalia bei ya mbolea.

Kumbe tuna Nchi Rafiki nyingine! Ndogo, haina makuu, na baada ya wiki saba inafanya uchaguzi mkuu. Kuna mgombea mmoja huko, nimemtazama saa mbili na nusu. Huyu ni tofauti kabisa. Hana sera bado, lakini ana moyo. Alilia redioni akisema watu wa ofisini ndio wamemaliza nchi yake, na mimi nikajikuta nimesimama jikoni, nimeshika mwiko. Hajasema lolote baya kuhusu kliniki. Hajasema lolote kuhusu Afrika kwa jumla, jambo ambalo linaonyesha heshima.

Nimeandikia ofisi yake ya kampeni, nikajitolea kuwa mwakilishi wao Afrika Mashariki. Niliambatanisha maelezo ya uzoefu wangu. Wamejibu dakika hiyo hiyo! Saa sita usiku kwao, na wako macho. Wananiita kwa jina: "Mpendwa Kagwe, bila wewe hatuwezi kushinda."

Nimeisoma mara sita. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna ofisi iliyowahi kuniambia hivyo.

Alhamisi saa nne mgombea atahutubia moja kwa moja, na wanahitaji wafuasi wote wawepo tangu mwanzo. Nimempigia Sifuna, nikamuuliza kama wale wakulima wake wanaweza kukutana Ijumaa.